Uzi maalum: 72 Seasons ya Metallica na yale wanaume tusiyoyasema

Radi ya Kusini (mleta uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Najua wapenzi wa metali humu ndani tuko wachache, wengi ni bongofleva, singeli, gospo na rege kidogo, lakini leo naomba mnivumilie niandike kirefu kuhusu albamu moja ambayo naona haijaongelewa inavyostahili kwa lugha yetu. Ni 72 Seasons ya Metallica, bendi ya Marekani ya metali, yaani roki nzito. Ilitoka tarehe 14 Aprili 2023, nyimbo 12, dakika 77, na ukiyaweka pembeni yale magitaa na zile kelele kinachobaki ni mwanaume mtu mzima anakwambia kichwa changu hakijakaa sawa, kilianza kuumizwa nikiwa mtoto, na mpaka leo napambana nacho.

Tuanze na jina. Kwao mwaka una misimu minne, zidisha mara 18 unapata 72. Yaani ni miaka 18 ya kwanza ya mtu. James Hetfield, ndiye anayeimba na kupiga gitaa la ridhim na ndiye anayeandika mashairi, alieleza wakati wanaitangaza kwamba miaka hiyo ndiyo inayomtengeneza mtu, awe wa kweli au wa bandia, wazazi wanakwambia wewe ni mtu wa aina fulani na wewe unakua unaamini, alafu ukubwani mambo mengi unayofanya ni kuyarudia yale ya utotoni au kuyajibu. Angalieni na kava lake, njano iliyokolea, katikati kuna kitanda cha mtoto mchanga kimeungua kimebaki mkaa.

Sasa utoto wa huyu jamaa. Kazaliwa 1963 Downey, California. Wazazi wake walikuwa waumini wa Christian Science, dhehebu linaloamini ugonjwa unaponywa kwa sala, sio kwa daktari. Shuleni kipindi cha afya kikifika yeye anatolewa nje ya darasa peke yake. Akiwa na miaka 13 baba akaondoka nyumbani. Alafu mama akaugua kansa, hakwenda hospitali kwa sababu ya imani, na akafariki James akiwa na miaka 16. Mtoto wa miaka 16 kamuona mama yake anaisha taratibu ndani ya nyumba na hakuna mtu anayeruhusiwa kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Hilo alilitoa kwenye albamu yao nyeusi ya 1991, wimbo unaitwa The God That Failed, na ukiujua mkasa huu huwezi kuusikiliza ule wimbo ukauita matusi tu kwa Mungu, ni mtoto anauliza mbona mama yangu hakupona.

Kilichofuata ni pombe, tena nyingi, mpaka bendi yenyewe ikabatizwa jina la Alcoholica. Tarehe 27 Septemba 1986 basi lao likapinduka Sweden alfajiri na mpiga besi wao Cliff Burton akafariki, na kabla mwaka haujaisha walishapata mpiga besi mwingine na wako Japani jukwaani. Hakuna msiba uliokaliwa pale. 2001 wakiwa katikati ya kurekodi St. Anger, James akaingia soba hausi, na aliporudi 2002 alikuwa na masharti ya kufanya kazi masaa manne tu kwa siku. Yote hayo yamo kwenye filamu yao ya Some Kind of Monster ya 2004, bendi kubwa kuliko zote za metali imekaa mezani na mtaalamu wa tiba ya maongezi wanalipa dola 40,000 kwa mwezi, wanagombana, wanalia. Akakaa bila pombe miaka mingi. Septemba 2019 wakatangaza ziara ya Australia na New Zealand imeahirishwa, jamaa amerudi tena soba hausi.

Nasisitiza hapo pa kurudi, kwa sababu kwetu hapa mtu akirudi soba hausi mara ya pili tunasema huyo basi tena, ameshindikana. Na hii albamu imeandikwa na mtu aliyerudi mara ya pili. Walianza kuitengeneza kipindi cha korona kila mtu kwake wakitumiana vipande kwa intaneti, alafu wakaingia studio yao San Rafael kuanzia 2021 na prodyuza Greg Fidelman.

Katikati ya kazi hiyo, Mei 2022, wako Belo Horizonte Brazil, uwanja umejaa, James akasimama akawaambia watu kwamba kabla ya kupanda jukwaani alikuwa hajiamini, anajiona mzee, hawezi tena kupiga. Akawaambia wenzake, na wenzake wakamkumbatia wakamwambia tuko na wewe. Akamalizia kwa kuwaambia mashabiki kwamba yeye hayuko peke yake na wao pia hawako peke yao. Yule ni yule yule ambaye miaka ya themanini alikuwa ndio picha ya mwanaume asiyetishwa na kitu.

Sasa nifike kwenye wimbo ulionifanya niandike uzi huu, unaitwa Screaming Suicide, ulitoka Januari 2023 kabla ya albamu. Ukisikia jina unaogopa. Ila sikiliza nani anaimba mle ndani. Sio mtu anayetaka kujiua, ni lile wazo lenyewe ndilo linaongea. Linajitambulisha kwa jina, linamwambia mtu kwamba hafai na kosa lote ni lake, na linampa amri moja kubwa, nifiche ndani, usinitaje kwa mtu yeyote. Hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi, maana ndivyo lilivyo kweli. Lile wazo nguvu yake yote iko kwenye siri, siku ukilitoa nje kwa mdomo wako mbele ya mtu linapungua ukubwa. Alafu huyu jamaa kachukua amri ya usinitaje akaifanya kiitikio, anaitaja uwanja mzima ukiwa unaitaja naye. James mwenyewe alisema nia yake ilikuwa kulivunja lile katazo la kutolisema hilo neno, kwamba ni upuuzi kujifanya mawazo hayo hatunayo wakati wengi yameshatupitia.

Linganisha na Fade to Black ya 1984. Walikuwa vijana, vyombo vyao vimeibwa Boston, hawana kitu, akaandika wimbo wa mtu anayeaga dunia. Ni mzuri sana ule wimbo, na bendi wenyewe wanasema wamepokea barua nyingi za watu waliosema uliwaokoa kwa sababu walijiona hawako peke yao. Lakini mle ndani yuko mtu mmoja tu gizani hana wa kuongea naye. Miaka 39 baadaye mtu yule yule analirudia lile giza na safari hii analikamata shingoni na kulitoa nje watu walione.

Nyingine nitazipitia haraka. Shadows Follow ni kukimbia mambo yako huku yanakufuata kila unapokwenda. Sleepwalk My Life Away ni mtu anaishi kama kalala. If Darkness Had a Son ni arosto tupu, ile hamu ya kilevi, kishawishi kinaitwa jina lake tena na tena mpaka wewe unayesikiliza unachoka, na nadhani amekusudia uchoke. Crown of Barbed Wire kiburi. Lux Æterna yenyewe ni ya furaha, ni ya mashabiki na shoo, haina neno kwenye mada hii ila inakupa pa kupumulia. Too Far Gone? ina alama ya kuuliza kwenye jina na msiipuuze, mtu anauliza je nimeshaharibika kiasi cha kutookolewa, na anachoomba ni asaidiwe aimalize siku ya leo tu. Waliopitia soba hausi wataujua huo msemo wa leo tu.

Ya mwisho Inamorata, dakika 11, ndefu kuliko wimbo wowote waliowahi kuandika. Humo huzuni ni mwanamke, ni mpenzi wake. Anakiri kwamba huzuni inamhitaji lakini yeye ndiye anayeihitaji zaidi. Nani anathubutu kusema hivyo? Kwamba kuna sehemu yangu inaogopa kupona kwa sababu sijui nitakuwa nani nikipona. Albamu nzima hakuna mahali anasema nimeshinda, tukutane mbinguni. Ndio maana naiamini.

Karibuni tuchangie.

Besi_Nzito

Mkuu heshima kwako, uzi umekaa vizuri na historia uko nayo. Ila mimi kwenye muziki wenyewe nitakupinga. Dakika 77 ni nyingi mno. Kuna nyimbo kama tatu pale zingekatwa na albamu ingepona, yaani rifu, kile kipande cha gitaa, inapigwa, inarudiwa, inarudiwa tena, alafu mpiga gitaa wao Kirk Hammett anaingia na solo yenye mlio wa wah-wah kama kawaida yake. Death Magnetic ya 2008 ilikuwa na njaa kuliko hii. Na kwenye hayo mambo ya akili, mimi ukweli wa Metallica naupata St. Anger. Watu wanaicheka kwa ile ngoma ya snea inayolia kama sufuria na kwa kukosa solo, lakini ule ni mlio wa watu wanaosambaratika kweli. Hii ya 2023 ni safi sana, imepigwa pasi.

Radi ya Kusini

Besi nakuelewa kabisa, na kuhusu urefu sibishani sana, You Must Burn! ningeweza kuishi bila nusu yake japo kusikia mpiga besi wao Robert Trujillo anaimba sauti ya nyuma mle ni raha. Ila St. Anger na hii sio kitu kimoja. St. Anger ya 2003 ni mtu yuko ndani ya moto anapiga kelele, hata yeye hajui anakasirikia nini, anasema tu nina hasira. Miaka 20 baadaye anaweza kukwambia hasira imetoka wapi, chumba gani, umri gani. Kukasirika kila mtu anaweza. Kurudi nyuma mpaka kwenye kitanda cha mtoto ukatazame kilichoungua, hiyo ni kazi ya miaka.

Na kurudiarudia unakokulalamikia mimi nakusikia hivi, mawazo mabaya ndivyo yanavyokuja. Hayaji mara moja yakaondoka. Yanazunguka palepale.

Mtumishi Ezra

Ndugu zangu naomba niseme kwa upendo. Huu muziki tumeuona matunda yake. Majina ya nyimbo tu, kujiua, giza, taji la seng'enge. Kijana mwenye huzuni unampa vitu hivi asikilize usiku peke yake, unategemea nini? Mimi nahudumia vijana kanisani, nimeona waliojifungia na miziki ya namna hii wakazidi kuzama. Sikatai kwamba msanii kaumia. Lakini kidonda hakitibiwi kwa kukitangaza.

Radi ya Kusini

Mtumishi asante kwa kuja na kuongea kwa staha, na swali lako sio la leo. Marekani miaka ya themanini lilifika mpaka kwenye seneti mwaka 1985, kisha mahakamani. Ozzy Osbourne alishtakiwa kwa ajili ya wimbo wenye neno hilo hilo kwenye jina, ambao kumbe ulikuwa unaonya juu ya pombe, kesi ikatupwa. Judas Priest nao 1990 walikaa mahakamani Reno, Nevada wakidaiwa wameficha maneno kwenye wimbo yaliyosababisha vijana wawili kujidhuru. Jaji alisikiliza ushahidi wote na bendi haikukutwa na hatia ya kusababisha. Wale vijana walikuwa na maisha magumu mno nyumbani kwao kabla ya kununua sahani yoyote, ila lawama ilikuwa rahisi kuibebesha gitaa.

Alafu kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia wa 2015, walichukua wasikilizaji 39 wa muziki mzito wa umri wa miaka 18 hadi 34, wakawakasirisha kwa makusudi, wengine wakakaa kimya dakika kumi na wengine wakasikiliza muziki wao. Muziki haukuwaongezea hasira, mapigo ya moyo hayakuzidi kupanda, na walijisikia wamepata nguvu na uhai. Ni watu wachache na sisemi umemaliza mjadala. Ila nasema kijana aliyejifungia na muziki mzito pengine ule muziki ndio kitu pekee ndani ya chumba kinachokubali kwamba anaumwa. Ukimnyang'anya na wewe hukai naye, umemwachia nini?

Dada Nesi

Mimi sio mtu wa metali kabisa, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi, nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Nilienda nikatafuta huo Screaming Suicide nikausikiliza na maneno nikayasoma. Kelele sijaziweza jamani, ila mashairi mtu huyu anajua anachokisema.

Mtumishi, hapo kwenye kutangaza kidonda naomba nikurekebishe kwa heshima maana watu wengi wanaamini hivyo na inagharimu maisha. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo. Hilo limechunguzwa vya kutosha. Mara nyingi ukimuuliza anashusha pumzi, anaanza kulia, anasema sikujua namwambia nani. Ile sauti inayosema usinitaje, wagonjwa wanaielezea hivyo hivyo, kwamba kila wakitaka kusema kitu kinawaambia utachekwa, utawaumiza wazazi, wewe ni mzigo. Huyu mwimbaji kaipata bila kusomea.

Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema kila mwaka zaidi ya watu 720,000 wanakufa kwa kujiua duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Kisha angalieni sisi tunavyotumia jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili, kama tusi. Mtu akichanganyikiwa kidogo tu utasikia mpelekeni Mirembe, watu wanacheka. Huyo mwenye sonona yuko hapo hapo anawasikia, na ndio mmeshamfundisha asije. Wanaume ndio kabisa, anakuja analalamika tumbo, mgongo, kichwa, halali, presha inapanda, unamhoji mpaka unachoka ndio inatoka kwamba tangu mwaka jana hataki kuamka asubuhi.

Msee wa Umoja

Wadau salamu kutoka Nairobi. Huku metali iko kitambo, si kubwa lakini iko, na kama hamjui kuna wasee wawili wa Nairobi walijiita Duma, albamu yao ilitoka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ile ni kelele ya kutoka hapa hapa, haijakopwa California. Kwa gigi za huku ukienda unapata msee amekaa kimya wiki mzima kazini, anafika pale anapiga kelele hadi sauti inaisha, alafu anaenda home ametulia. Sisi tumekuwa tukisema hii ni tiba yetu, wazazi wanadhani tumeingia dini ya giza.

Nataka niongeze kitu kwa hiyo maneno ya kutotaja. Kenya hadi juzi ukijaribu kujiua ukaokolewa, ilikuwa ni kesi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, unaweza pewa hadi miaka miwili jela. Yaani mtu ametoka kwa shimo, badala ya daktari anapata polisi kando ya kitanda. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu kinaenda kinyume na katiba. Kwa hivyo vile huo wimbo unasema hiyo kitu inataka ifichwe, sheria yenyewe ilikuwa inaisaidia ijifiche. Nani angekubali kusema anawaza hivyo na akisema anashikwa?

Dada Nesi

Msee asante kwa hilo. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu nayo inalo kosa hilo, kifungu cha 217. Ndugu wengi wakimleta mgonjwa wanasema amekunywa kwa bahati mbaya, ameanguka, kwa kuogopa polisi. Sisi tunajua, ila kwenye faili inaandikwa ajali, na mtu anarudi nyumbani hajaongea na yeyote.

Mtumishi Ezra

Dada Nesi nimekusoma na nimekaa na maneno yako. Hilo la kuuliza waziwazi nalipokea. Mimi huwa naomba na kijana na kumpa maandiko, ila kumuuliza swali lenyewe kwa jina huwa naona kama namkosea. Bado sipendi mtindo wa muziki huu na sitautetea. Ila hicho kisa cha mama yake kimenigusa kwa upande mwingine, maana ni waumini wenzetu kwa maana fulani walimuacha mama afe bila daktari, na mtoto akabaki na kinyongo na Mungu maisha yake yote. Mimi sijawahi kumzuia mtu hospitali na nawaambia waumini wangu sala na dawa havigombani. Ila najua wapo wanaozuia.

Radi ya Kusini

Mtumishi, ungekuwa wewe ndio mchungaji wa Downey 1979 pengine tusingekuwa na huu wimbo wala huu uzi na mimi ningefurahi hivyo. Nasema kutoka moyoni.

Mama Junior

Nimesoma wote mpaka hapa. Nyie mnaongelea wanaume na wasanii, mimi kilichonichoma ni hiyo miaka 18. Mimi ni mama, wangu ana miaka tisa. Kwa hesabu ya huyu kaka nusu ya misimu yake imeshapita na mimi ndiye niliyekuwa naye. Hilo la kumwambia mtoto wewe ni mtu wa aina fulani ndilo sisi tunaongoza. We mtoto mvivu. We mjinga kama baba yako. Mtoto wa kiume halii. Tunasema tukiwa tunaosha vyombo, hatufikirii, na yeye anaweka. Naomba kuuliza, hiyo albamu inawalaumu wazazi tu mwanzo mwisho? Maana nikisikia hivyo sijui kama nitaiweza.

Radi ya Kusini

Mama Junior swali zuri kuliko yote humu. Hapana, hailaumu mwanzo mwisho. Wimbo wenye jina la albamu ndio unaingia na hasira ya utotoni, hasira ya kurithi kabisa. Lakini kuanzia katikati lawama inageuka anajiangalia mwenyewe. Chasing Light kwa mfano nausikia kama mtu mkubwa anamshika mkono mwenzake anayezama, anamwambia egemea kwangu, na inasema wazi kwamba mwanga haupatikani bila kupita gizani. Na Room of Mirrors anavua kila kitu anasimama mbele ya watu, anauliza mkiniona nilivyo hasa mtanihukumu au mtanipokea. Huyo sio mtu anayelaumu wazazi, ni mtu anayeacha kujificha. Hata maelezo yake ya jina la albamu yana pande mbili, kwamba unaweza kubaki mfungwa wa utoto au ukaivunja ile minyororo.

Na yeye mwenyewe ni baba wa watoto watatu. Mimi naamini sehemu ya albamu imeandikwa na baba.

Kwa hiyo Junior wako bado ana nusu nzima mbele, na nyumba ambayo mama yake anajiuliza maswali haya ni tofauti sana na ile ya Downey.

Kijana Ilemela

wakuu mimi huwa nasoma tu sichangii ila leo acha niandike. metali niliingia kwa linkin park kama wengi tu, mwimbaji wao chester alivyofariki kwa kujiua 2017 nlikua form three na nliumia kama ndugu yangu kafariki, nyumbani wakaniambia unamlilia mzungu. toka hapo kila nikisikia msanii anaimba maumivu naogopa, najiambia huyu nae ataenda. ndo maana hii albamu nliikwepa toka imetoka, jina la ule wimbo lilinitosha. saiv nimesoma uzi nimeanza kuisikiliza nipo wimbo wa nne. swali langu ni hivi, huyu hetfield mtu ananihakikishiaje kwamba hii sio ile ile tena? maana chester nae aliimba wazi kabisa kila kitu, hakuficha, na bado.

Radi ya Kusini

Mdogo wangu pole. Na uliyemlilia alikuwa mtu, usikubali mtu akwambie vingine.

Uhakika hakuna anayeweza kukupa na mimi sitakudanganya. Kuimba peke yake hakutoshi, Chester alituonyesha hilo kwa uchungu. Ninachokiona kwa James ni kwamba kuimba sio kitu pekee alichonacho. Amerudi soba hausi bila kujificha, bendi ikaahirisha ziara nzima wakarudisha hela za watu na hawakuona aibu kutaja sababu. Amewaambia wenzake kabla ya kupanda jukwaani kwamba leo siko sawa. Yaani wimbo ni sehemu moja, alafu kuna wale watu watatu waliomshika pale Brazil, na wataalamu, na kukubali kuanza upya. Ukimsikiliza msanii anayeumia jiulize amezungukwa na nani, na jiulize hivyo hivyo wewe mwenyewe. Umezungukwa na nani huko Mwanza?

Kijana Ilemela

kuna braza mmoja tunapiga nae gitaa, na sister angu. sijawahi kuwaambia mambo yangu ila wapo

Dada Nesi

Mdogo wangu, mmoja wao mwambie wiki hii. Sio lazima yote, anza na kwamba kuna siku unakuwa vibaya. Na kama kuna siku lile wazo linakuja kabisa la kutotaka kuwepo, usisubiri wiki, nenda hospitali yoyote kubwa ya karibu uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, ni haki yako, au mwambie dada yako akupeleke. Walioko Kenya Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199, unapiga unaongea na mshauri. Nimekutumia pia ujumbe inboksi, ukipenda nijibu.

Msee wa Umoja

Hiyo 1199 naithibitisha, iko kwa mabango huku.

Besi_Nzito

Nimerudi. Nimeipiga yote tena usiku huu na hedifoni, bila kuruka. Urefu bado naushikilia, ila Inamorata mkuu uko sahihi, kile kipande cha katikati kila kitu kinashuka linabaki besi la Trujillo linatembea taratibu, miaka yote hii sijawahi kukisikia vizuri kwa sababu nilikuwa sifiki mwisho wa albamu. Kile kipande nimekirudia mpaka betri imekata.

Kijana Ilemela

nimemaliza yote. nimemtumia sister too far gone? na maneno yake nimemtafsiria kwa kiswahili. amejibu kesho tuonane

Radi ya Kusini

Safi sana mdogo wangu. Tupo hapa, ukirudi tuambie imekuwaje.

Besi, tukianza uzi wa St. Anger wewe ndio ulete mada, nitakuja kupinga snea.